Hita ya maji inayonguruma na kuvuja: tafuta tone kabla ya spana

Hita ya stima ya bafuni haianzi kunguruma ghafla. Mwanzo husikika kama birika iliyosahauliwa jikoni, kisha huja milio ya kupasukapasuka, na baada ya muda ukuta ulio chini yake unalowa. Hapo fundi huitwa, naye hukimbilia spana. Mimi ningeanza na tochi na kipande cha karatasi kavu ya chooni, kwa sababu kelele na uvujaji ni maradhi mawili tofauti, hata kama yote yameletwa na maji yale yale.

Visima vya Malindi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa nyingi, na ukisogea baharini yana chumvi pia. Maji ya mfereji, yanayovutwa Baricho kando ya mto Sabaki, yana nafuu. Lakini mfereji ukikauka watu huwasha pampu ya kisima na kujaza tangi lile lile la juu ya dari, na hita hunywa chochote kinachoshuka.

Maji yakipashwa moto, chokaa hujitenga na kuganda kwenye elementi, kile chuma cha ndani kinachopasha maji, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Maji yaliyonaswa ndani ya ukoko huo hugeuka mvuke, na mapovu yake yakipasuka ndiyo ngurumo unayoisikia. Kadiri thamostati, yaani kidhibiti cha joto, inavyopandishwa kupita nyuzi 60, ndivyo chokaa inavyoganda upesi, kwa hiyo irudishe kwenye 60. Wapo wanaosema ukoko unakula stima. Si kweli kwa hita ya aina hii: elementi imezama majini, na joto lake lote linaishia majini tu. Anayeumia ni elementi yenyewe, inayochemka ndani ya koti la chokaa mpaka ipasuke.

Mlio mmoja mdogo wa "ta" ni thamostati ikiwasha na kuzima, usikushughulishe. Kishindo kinachokuja koki ikifungwa kwa ghafla kinatoka kwenye bomba lisilofungwa vizuri ukutani.

Sasa tone. Kausha kila kiungo, halafu bana karatasi kavu kwenye kimoja baada ya kingine uone inalowa wapi kwanza. Maji hushuka, kwa hiyo mahali yanapodondoka si lazima ndipo yanapotokea.

Ukikuta yanatoka kwenye mdomo wa vavu ya usalama, ile inayopunguza msukumo wa maji tangini, wakati hita inapasha tu, hiyo si hitilafu. Maji yakitoka nyuzi 25 hadi 65 hutanuka kwa karibu asilimia 1.7, kwa hiyo hita ya lita 50 hutafuta mahali pa kutemea takriban robo tatu ya lita au zaidi kidogo. Ipe vavu bomba dogo literemke hadi kwenye shimo la maji machafu. Kuhakikisha, zima stima jioni, maji yapoe, kisha weka kikombe chini ya vavu usiku kucha. Kikombe kikijaa ilhali hita ni baridi, vavu ina uchafu kwenye kiti chake: inua kishikio chake mara tatu nne ioshwe, na isipopona badilisha. Kuiziba kwa plagi, kama nilivyoona kwenye nyumba kadhaa, ni kutengeneza bomu na kulitundika juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

Michirizi ya kahawia chini ya kifuniko cha elementi ni gasketi, ule mpira wa kuziba, iliyochoka. Lakini maji ya kutu yakichuruzika kupitia ganda la nje, mbali na kiungo chochote, tangi la ndani limeoza. Usikubali lichomelewe. Nunua jingine.

Ikiwa tangi ni zima, toa ukoko. Zima swichi kuu na uhakikishe kwa testa. Mwaga maji ya moto mpaka yatoke vuguvugu, funga maji yanayoingia, acha koki ya moto wazi, ndipo ufungue upande wa kuingilia. Bila ile koki wazi hewa haipiti, na maji yatabaki tangini. Legeza nati za kifuniko, vuta elementi, chota tope kwa mkono. Tope hilo likizika mfuko wa thamostati, yaani kijibomba kinachoishikilia ndani ya tangi, hita hukata mapema na kila mtu analalamika kuwa maji yanakwisha upesi.

Zamisha elementi kwenye siki nyeupe, au asidi ya sitriki gramu 50 kwa lita moja ya maji, mpaka mapovu yakome. Vichwa vya waya vibaki nje, vikavu. Usikwangue kwa kisu. Kisha pima kwa mita: elementi ya wati 1,500 kwenye volti 240 husoma karibu omu 38, na kati ya kichwa cha waya na ganda lake pasiwe na njia yoyote. Umeme ukipita hata kidogo, tupa.

Kagua na anodi, ule ufito wa magnesiamu unaoliwa na kutu badala ya tangi. Ukibaki chini ya nusu ya unene, badilisha. Kwa maji ya chumvi ukaguzi wa miezi sita si mwingi, maana huisha mbio.

Gasketi iwe mpya kila ukifungua. Kaza nati kwa kuruka, hii na ile inayoikabili. Jaza tangi, koki ya moto ikiwa wazi, mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Subiri dakika kumi, pitisha karatasi kavu tena kwenye gasketi, kisha washa stima.