Transdyusa ya Kitafuta Samaki: Maana Yake na Mahali Pake Kwenye Kayaki

Transdyusa ni ile sehemu ya kitafuta samaki ambayo hugeuza umeme kuwa sauti, huipeleka sauti hiyo majini, kisha husikiliza mwangwi wake na kuugeuza kuwa umeme tena. Skrini, ambayo ndiyo mteja huikagua dukani na ndiyo humfanya aongeze pesa, haisikii chochote. Huchora tu kile ilicholetewa na waya. Kwa hiyo mtu anayefunga kifaa hiki kwenye kayaki ya kuvulia hapa Mombasa, awe huvua ndani ya mwamba wa Nyali na Bamburi au katika hori la Tudor, hana kazi kubwa ya kuamua skrini isimame wapi. Kazi iliyopo ni kuamua transdyusa ikae wapi na ikae vipi, ili pasiwe na hewa kati yake na maji.

Ndani ya transdyusa kuna kipande cha seramiki ambacho, kikipitishiwa umeme unaobadilika upesi, hutanuka na kusinyaa, na mtikisiko huo ndio unaozaa mpigo wa sauti. Masafa yaliyozoeleka katika vifaa vya bei nafuu ni kilohezi 200, yaani mitetemo 200,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Mpigo ukishatoka, kipande hichohicho hunyamaza na kungoja. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa takriban mita 1,500 kila sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na hivyo mwangwi wa sakafu ya bahari iliyo mita 20 chini hurejea baada ya sehemu 27 hivi kati ya elfu moja za sekunde. Kifaa hupima muda huo, huuzidisha kwa kasi ya sauti, kisha hugawa kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Manahodha waliutafuta ukweli huohuo kwa bildi, ile risasi iliyofungwa kwenye kamba, isipokuwa bildi hutoa habari za sakafu peke yake, na mwangwi huleta pia habari za vilivyo njiani. Hizo habari za njiani ndizo ambazo ndugu wa familia ya Furuno, huko Nagasaki nchini Japani, walizigeuza kuwa chombo cha uvuvi mwaka 1948.

Sauti hurudi pale inapokutana na kitu kilicho tofauti sana na maji. Nyama ya samaki haiko mbali na maji, na sauti huipita bila kurudi kwa wingi. Kinachomfichua samaki ni kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake, kwani mpaka wa maji na hewa hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya nguvu ya sauti inayoufikia. Changu, chewa na kolekole wana kibofu hicho. Nguru hana, wala papa na taa hawana, na mwangwi wao huwa hafifu. Kwa sababu hiyo anayeburura chambo nje ya mwamba akimtafuta nguru asirudi nyumbani kwa kuwa skrini ni tupu, bali atafute makundi ya dagaa, ambayo huonekana kama wingu na ambayo nguru huyafuata.

Hewa hiyohiyo inayomfichua changu ndiyo inayoharibu ufungaji. Kiputo kikibaki chini ya transdyusa, sauti hugonga hapo na kurudi kabla haijaliona tone la bahari, na mwenye kayaki huanza kulaumu skrini, betri au muuzaji.

Kayaki nyingi za kuvulia hutengenezwa kwa poliethilini, plastiki ileile ya matangi meusi ya maji yaliyojaa juu ya mapaa ya mji huu, na kwa njia ileile ya kuizungusha plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu. Upitishaji wake wa sauti hautofautiani sana na wa maji, na kwa hiyo transdyusa inaweza kugandishwa ndani, juu ya sakafu ya kayaki, ikapiga sauti kupitia plastiki bila tundu lolote kutobolewa. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa pwani yetu, kwa sababu kayaki hapa huburutwa juu ya mchanga na mara nyingi juu ya matumbawe maji yanapokupwa, na chochote kinachotokeza chini hakidumu. Mahali pazuri ni sehemu bapa iliyo karibu na kiti, ambapo uzito wa mvuvi huizamisha sakafu wakati wote. Huko omo, yaani mbele ya chombo, kila wimbi huinua ganda na kupitisha mapovu chini yake. Sehemu hiyo husuguliwa kwa msasa, hufutwa kwa spiriti, kisha humiminiwa silikoni nene bila ubahili. Transdyusa hushindiliwa juu yake huku ikizungushwa polepole, kwenda na kurudi, mpaka silikoni itokeze pande zote na viputo visukumwe nje, halafu huwekewa uzito na kuachwa angalau siku nzima. Silikoni haishiki poliethilini kwa nguvu sana, jambo ambalo lina faida yake siku ya kubadilisha kifaa. Wapo wanaogandisha pete ya sponji ngumu na kuijaza mafuta mazito ya kupaka badala ya silikoni. Kwa jua letu siyasifu, kwani mafuta hayo huyeyuka kayaki ikishinda ufukweni, huvuja, na pengo linalobaki hujaa hewa.

Njia hii ina gharama zake. Plastiki hula sehemu ya nguvu ya sauti, kipimajoto kilichomo ndani ya transdyusa hupima joto la sakafu ya kayaki badala ya bahari, na vifaa vinavyochora picha kali ya sakafu ya bahari kwa masafa ya kilohezi 455 au 800 hupoteza sehemu kubwa ya ubora wao. Tena, ushauri huu usihamishiwe kwenye ngalawa wala mtumbwi: mbao zina vinyweleo vyenye hewa, na sauti hufia humo. Chombo cha faiba hukubali ikiwa ganda ni tabaka moja tupu, na hukataa ikiwa kati ya matabaka pamejazwa povu.

Anayetaka picha kali hana budi kuitumbukiza transdyusa majini. Baadhi ya kayaki zina kishimo maalumu chini ya tumbo, au matundu ya kutolea maji yanayoweza kuipokea; nyingine hufungwa mkono wa bomba ubavuni, unaoinuliwa mtu anapokaribia ufukwe. Mkono huo hunasa mwani na hugongwa na kafi, lakini huondolewa kwa dakika moja, na kwa kayaki ya kukodi hakuna njia nyingine ya adabu.

Kabla ya kumimina silikoni inafaa kupima. Transdyusa huning'inizwa kwanza majini ubavuni mwa kayaki, mahali penye kina cha mita kadhaa, na namba pamoja na unene wa mstari wa sakafu hukaririwa. Kisha hutiwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki uliojaa maji, mfuko hufungwa bila kuacha hewa, na hukandamizwa juu ya sakafu ya kayaki pale panapokusudiwa. Kina kikibaki kilekile, au kikipungua kwa sentimita chache tu, na mstari ukififia kidogo, mahali hapo panafaa. Namba zikirukaruka, huhamishwa shubiri moja na kujaribiwa tena. Mvuvi awe amekaa kitini wakati wa jaribio hili, pamoja na mizigo yake, kwa kuwa kayaki tupu huinamia upande tofauti na kayaki iliyobeba, na transdyusa iliyoinama hutazama pembeni.

Umeme hauna mengi. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, ile inayotumika kwenye king'ora cha nyumba, huendesha kifaa kidogo kutwa nzima. Fyuzi ndogo, ya kiwango kilichoandikwa kwenye maelezo ya kifaa, huwekwa kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na chochote. Chumvi ndiyo adui: viungo vipakwe grisi, na betri ikae ndani ya kisanduku kisichopitisha maji na kilichofungwa imara, kayaki ikipinduka isije ikatoboa sakafu.

Linabaki suala la upana wa kile kinachoonekana. Sauti hutoka ikiwa na umbo la pia, jembamba juu na pana chini. Kwa pembe ya nyuzi 20, ambayo ni ya kawaida kwa kilohezi 200, mduara unaomulikwa sakafuni una upana wa mita 3.5 penye kina cha mita 10, na mita 1.4 tu penye kina cha mita 4, pungufu ya urefu wa kafi. Ndani ya mwamba, basi, kifaa hiki ni kipima kina zaidi ya kuwa kitafuta samaki, na thamani yake huonekana nje, ambako mduara hupanuka na sakafu huteremka kwa ngazi. Samaki anayekatiza mduara huchorwa kama upinde, kwani umbali wake na transdyusa hupungua akikaribia katikati kisha huongezeka akitoka. Aliyetulia chini ya kayaki iliyotulia huchora mstari mrefu, hata akiwa mdogo. Ukingo wa kulia wa skrini ndio wa sasa hivi, na kilichobaki kushoto kimeshapita. Sakafu ya mwamba huonekana kama mstari mnene unaong'aa, na tope la horini huwa hafifu zaidi. Namba ya kina, nayo, ni ya saa hiyo na huanzia kwenye transdyusa: wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kwa hiyo mwamba uliosomeka mita 5 asubuhi maji yakiwa yamejaa utasomeka chini ya mita 2 baada ya muda wa saa sita hivi, bila ya kifaa kuwa na kasoro yoyote.