Ubingwa wa Magonjwa ya Mapafu: Masomo Yake na Kazi Zinazofuata

Ubingwa wa magonjwa ya mapafu ni tawi la tiba linaloshughulikia mfumo mzima wa upumuaji: njia za hewa, mapafu yenyewe, utando unaoyafunika, mishipa ya damu iliyomo ndani yake na misuli inayovuta pumzi. Wengi wakisikia "daktari wa mapafu" hufikiria kifua kikuu tu. Kifua kikuu kimo, tena bado kinaua watu wengi, lakini kliniki hiyohiyo hupokea wagonjwa wa pumu, nimonia, saratani, makovu ya mapafu, na hata wale wanaokatikiwa na pumzi usingizini.

Safari huanza na shahada ya udaktari, kisha utarajali, ndipo uzamili. Kuanzia hapo kila nchi ina utaratibu wake. Marekani daktari husomea kwanza magonjwa ya ndani kwa miaka 3, halafu huingia kwenye mapafu, mara nyingi pamoja na huduma kwa wagonjwa mahututi, kwa miaka 3 mingine. India ipo shahada ya uzamili ya miaka 3 inayoingia kwenye upumuaji moja kwa moja. Anayetaka kusoma ugenini aulize mapema kama baraza la madaktari la nchi atakayofanyia kazi linaitambua shahada hiyo. Wapo wanaoliuliza swali hili wakiwa wameshahitimu.

Kinachofundishwa hasa ni kusoma pumzi. Chukua kipimo cha spiromita. Mgonjwa hujaza mapafu hewa, kisha hupuliza kwa nguvu zote mpaka aishiwe. Mashine hulinganisha hewa iliyotoka katika sekunde 1 ya kwanza na jumla yote iliyotoka. Uwiano ukibaki chini ya 0.7 hata baada ya dawa ya kutanua njia za hewa, hiyo ni ishara ya njia zilizobana kwa kudumu. Lakini mgonjwa akikohoa katikati, au akiacha kupuliza mapema, tarakimu hazina maana. Kwa hiyo mwanafunzi hufunzwa kutazama umbo la mchoro kabla ya tarakimu, na kumrudishia mgonjwa zoezi inapobidi.

Mikono nayo hufunzwa. Maji yakijaa kati ya mapafu na ukuta wa kifua, sindano hupitishwa juu tu ya ubavu, kamwe si chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na neva hujificha kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Kuna pia bronkoskopi, kamera nyembamba inayoshushwa ndani ya njia za hewa kutazama uvimbe au kuchukua kinyama cha kupimwa.

Akihitimu, bingwa anaweza kubaki wodini na kliniki, kuhamia chumba cha wagonjwa mahututi, kujikita kwenye saratani au magonjwa ya usingizi, kufundisha, kutafiti, au kusimamia mpango wa taifa wa kifua kikuu. Eneo ambalo kwa maoni yangu linasahaulika mno ni afya kazini. Vumbi la mawe humpa mchimbaji silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa, ambao huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na humweka kwenye hatari zaidi ya kupata kifua kikuu. Hapo daktari anayeuliza "ulifanya kazi gani zamani?" hupata jibu ambalo eksirei peke yake haiwezi kumpa, na akiufikia mgodi wenyewe anaweza kuwakinga ambao bado hawajaugua.