Je, wajua? England ilifungiwa ndani wiki tano kabla wabunge hawajapiga kura

Jumatatu usiku, tarehe 23 Machi 2020, Boris Johnson alitokea kwenye televisheni akawaamuru Waingereza wabaki majumbani kwa sababu ya korona. Wengi walilala wakiamini kwamba tangu dakika ile kutoka nje bila sababu ni kosa la jinai. Haikuwa hivyo. Kwa karibu siku tatu amri ya kukaa nyumbani ilikuwa maneno ya Waziri Mkuu tu, haina kifungu cha sheria nyuma yake. Kanuni zenyewe za England (Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zilijitungia za kwao) zilitiwa saini Alhamisi tarehe 26 saa saba mchana, zikaanza kutumika papo hapo, na saa nane u nusu zikafikishwa bungeni. Wabunge walikuwa wameshaondoka. Jana yake tu waliahirisha vikao kwa mapumziko ya Pasaka. Kanuni zilizowafungia ndani mamilioni ya watu zilikuja kujadiliwa na kupigiwa kura na Baraza la Commons, yaani baraza la wabunge waliochaguliwa, tarehe 4 Mei.

Inakuwaje Bunge linalojiita mama wa mabunge lipitwe namna hiyo? Jibu ni kwamba halikupitwa kwa hila. Bunge lenyewe ndilo lililofungua mlango huo, miaka kumi na miwili kabla.

Watu wengi hudhani amri ile ilitokana na Sheria ya Virusi vya Korona, ambayo wabunge waliipitisha mbiombio na ikaidhinishwa na Malkia tarehe 25 Machi. Hapana. Waziri wa Afya, Matt Hancock, alitumia sheria ya kudhibiti magonjwa ya mwaka 1984, ambayo Bunge liliiongezea sehemu mpya mwaka 2008, baada ya dunia kushtuliwa na ugonjwa wa SARS mwaka 2003. Sehemu hiyo inampa waziri uwezo wa kutunga kanuni dhidi ya maambukizi. Ni utaratibu uleule tunaoujua hata huku kwetu: Bunge hutunga sheria mama, waziri hutunga sheria ndogo zinazoingia kwenye undani wa mambo, yaani nani afunge duka, nani atozwe faini na kiasi gani.

Kwa kawaida, kanuni nzito za namna hii huanza zikiwa rasimu. Mabaraza yote mawili, la Commons na la Lords (la wasiochaguliwa), huikubali kwanza, kisha ndipo waziri atie saini. Lakini kifungu cha 45R cha sheria hiyo ya 1984 kina njia ya mkato. Waziri akiandika ndani ya kanuni kwamba, kwa maoni yake, jambo ni la dharura, anaweza kuzitia saini kwanza na kuliomba Bunge ridhaa baadaye. Ridhaa isipopatikana ndani ya siku 28, kanuni zinakufa.

Siku 28 si nyingi, utasema. Angalia basi zinavyohesabiwa. Bunge likiahirishwa kwa zaidi ya siku nne, saa inasimama. Siku hizo hazimo kwenye hesabu. Wabunge walirudi tarehe 21 Aprili, kwa hiyo karibu muda wote ambao watu walikuwa wamefungiwa ndani ulikuwa bado haujaanza kuhesabiwa. Waliotunga kifungu hicho huenda waliwaza mgonjwa mmoja au meli moja ya kuwekwa karantini, si nchi nzima.

Na hata kura ilipofika, haikuwa na meno mengi. Mbunge hawezi kurekebisha sheria ndogo. Hawezi kusema faini ipunguzwe, au wazee waruhusiwe kutembelewa, au makanisa na misikiti ifunguliwe kwa masharti. Ni ndiyo au hapana kwa kifurushi kizima, na nani atasema hapana wakati hospitali zinafurika? Mara ya mwisho Baraza la Commons kuikataa sheria ndogo ilikuwa mwaka 1979, na ile ilihusu bei ya mafuta ya taa.

Halafu kuna jambo lililokaribia kuwa kichekesho. Siku moja tu baada ya wabunge kurudi, tarehe 22 Aprili, serikali ilikwishazibadilisha kanuni zile, wakati zile za mwanzo hazijajadiliwa bado. Tarehe 15 Juni wabunge walikaa kujadili mabadiliko ya Mei na ya tarehe 1 Juni, siku ileile ambayo mabadiliko mengine mapya yalikuwa yanaanza kutumika. Walikuwa wanapigia kura maji yaliyokwisha kupita chini ya daraja.

Mimi siwezi kuilaumu serikali kwa mwezi Machi. Ugonjwa ulikuwa unakimbia na kila siku ilikuwa na gharama yake. Kinachonishinda kuelewa ni barakoa. Tarehe 14 Julai Hancock mwenyewe aliwatangazia wabunge kwamba kuanzia tarehe 24 kuvaa barakoa madukani itakuwa lazima. Zilibaki siku kumi. Baraza la Commons likaenda likizo ya kiangazi tarehe 22. Kanuni zikatiwa saini tarehe 23, kwa njia ya dharura, zikaanza kesho yake. Dharura gani hiyo inayotangazwa siku kumi kabla? Mwezi Septemba ikaja ya kujitenga: kanuni zilitiwa saini Jumapili tarehe 27 saa kumi na moja jioni, zikaanza usiku huohuo Jumatatu ilipoingia, na faini zake zilianzia pauni 1,000 hadi 10,000.

Sheria inayokuja usiku ina madhara nje ya Bunge pia. Raia walishindwa kutofautisha ushauri wa serikali na kanuni. Mfano ni mazoezi: mawaziri walisema mtu atoke mara moja kwa siku, lakini kanuni za England hazikuweka kikomo hicho popote. Wales ndiko kilikokuwemo ndani ya sheria. Polisi wenyewe walichanganyikiwa. Mwanamke mmoja alikamatwa kwenye stesheni ya treni ya Newcastle, akatozwa pauni 660 chini ya sheria isiyomhusu, na hukumu ikabidi ifutwe.

Mabadiliko yalitoka kwa wabunge wa chama tawala wenyewe. Mwishoni mwa Septemba 2020, Sir Graham Brady, kiongozi wa wabunge wa Conservative wasio mawaziri, alikusanya sahihi za kutaka Bunge lipige kura kabla ya kanuni kuanza. Tarehe 30 Spika Lindsay Hoyle alikataa hoja yake isijadiliwe kwa sababu za utaratibu, lakini akaigeukia serikali kwa ukali, akasema imelidharau Bunge. Siku hiyohiyo Hancock akaahidi kwamba kwa hatua kubwa za kitaifa, pale itakapowezekana, kura itatangulia. Na kweli, England ilipofungwa mara ya pili tarehe 5 Novemba, wabunge walikuwa wamepiga kura tarehe 4: 516 waliunga mkono, 38 walipinga. Desemba 2021, kanuni za kuonyesha cheti cha chanjo au cha kipimo zilipita kwa kura za upinzani, kwa kuwa wabunge karibu 100 wa chama cha Johnson walimkataa.

Mahakama haikusaidia sana. Mfanyabiashara Simon Dolan alidai waziri alivuka mamlaka yake. Tarehe 1 Desemba 2020 Mahakama ya Rufani ikasema sheria ya 1984 ilimruhusu.

Msomaji wa Kenya atauliza: kwetu je? Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za mawaziri inataka zifikishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, zisipofikishwa zinakoma. Hapo pia siku zisizo za vikao hazihesabiwi. Tofauti iko kwenye kimya. Chini ya kifungu cha 45R, Bunge la Uingereza likinyamaza kanuni inakufa. Kenya, kamati ya Bunge isipotoa ripoti ndani ya siku 28 tangu ipokee kanuni, huhesabiwa kuwa imeridhika nayo, na kanuni inaendelea.

Kwa miaka miwili serikali ya Uingereza ilitunga zaidi ya sheria ndogo 500 za korona. Vizuizi vya mwisho vya ndani ya England viliondolewa Februari 2022. Ahadi ya Hancock haikuandikwa kwenye sheria yoyote, na kifungu cha 45R hakikuguswa.