Ukishajua volti na ampea, ukinzani na wati unavipata mwenyewe

Swali tunaloulizwa sana kitengoni ni hili, soketi yangu ukichomeka chaja ya simu haina shida ila ukichomeka birika la umeme plagi inapata moto mpaka plastiki inanuka, tatizo ni birika? Mara nyingi birika halina kosa, na hesabu yake wala si ngumu.

Volti ndio inayousukuma umeme, ampea ni kiasi cha mkondo unaopita, omu ni ukinzani wa kitu kinachopitiwa. Georg Ohm, Mjerumani, alichapisha uhusiano wake mwaka 1827: gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Ukitaka nguvu, zidisha volti kwa ampea, hizo ndio wati. Basi.

Sasa chukua birika lenyewe, kibandiko kinasema volti 230, wati 2000. Gawanya 2000 kwa 230, unapata ampea 8.7 hivi, halafu 230 gawanya kwa 8.7, ukinzani wake ni kama omu 26. Umeme ukishuka hadi volti 207, yaani asilimia 10, utadhani na nguvu itashuka asilimia 10, kumbe hapana, mkondo nao unashuka kwa hiyo wati zinabaki kama 1620 tu na maji yanachelewa kuchemka.

Turudi kwenye soketi. Vibati vya ndani vikilegea au vikishika kutu vinaongeza ukinzani, tuseme nusu omu, ambayo ukiisikia unaweza kuidharau. Joto linalotoka pale ni ampea mara ampea mara omu. Chaja inayovuta ampea 0.1 inatoa wati 0.005, huwezi hata kuhisi. Ila birika, 8.7 mara 8.7 mara 0.5, ni karibu wati 38 zimejibana kwenye kijisehemu kidogo kama ncha ya kidole, na hakuna plastiki ya plagi itakayovumilia hapo muda mrefu. Mkondo ukiongezeka mara mbili joto linaongezeka mara nne, hii ndio watu wanasahau, wanapachika pasi na birika kwenye eksitensheni moja nyembamba halafu wanalaumu umeme.

Kuna wanaopima balbu ya zamani ya waya kwa mita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia volti, ampea na omu, wanapata omu chache wanasema mita mbovu. Si mbovu. Balbu ya wati 60 ikiwa inawaka ina kama omu 880, ikiwa imepoa haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo, kwa sababu waya ule ukipata moto ukinzani unapanda sana. Kwa hiyo omu za kweli za kazi zitafute kwa volti na ampea wakati kifaa kinafanya kazi. Na kwa mota, friji na feni usizidishe volti na ampea ukaishia hapo, wati halisi zinakuwa pungufu, kuna pawafakta, yaani namba inayoonyesha ni sehemu gani ya volti mara ampea inafanya kazi kweli, ya kuzidishia, ambayo huwa chini ya 1.

Halafu angalia unavyopima. Omu unapima kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa. Volti unagusisha waya za mita kwenye pande mbili za unachokipima. Ampea mita inakaa katikati ya njia ya mkondo, ukiiweka kwenye ampea halafu ukachomeka waya zake moja kwa moja kwenye soketi hapo umetengeneza shoti, fyuzi ya mita ikikata umepona, isipokata mita inaweza kukulipukia mkononi.