Gluoni haina tungamo, na bado haifiki mbali

Jana nimekutana nayo tena, mara ya kumi na moja kwenye rundo lile lile la mitihani: "Kani ikibebwa na chembe isiyo na tungamo, hufika mbali bila kikomo." Nikaweka kalamu chini, nikaenda kubandika chai.

Najua inakotoka. Fotoni, chembe ya mwanga inayobeba kani ya usumakuumeme, haina tungamo, na kani hiyo haina mpaka. Hufifia tu, umbali ukiwa mara mbili inabaki robo. Chembe iitwayo W, iliyonaswa kwenye maabara ya CERN mwaka 1983, ina tungamo la protoni 85 hivi, na kani inayoibeba, iitwayo kani dhaifu, haivuki hata upana wa protoni moja. Hapo mwanafunzi anafunga daftari, roho kwatu.

Sasa gluoni, chembe inayobeba kani inayozifunga pamoja kwaki, yaani vijichembe vinavyounda protoni. Ushahidi wake ulipatikana Hamburg mwaka 1979. Haina tungamo, sawa na fotoni, lakini kani yake huishia kwenye femtomita moja hivi, yaani milimita iliyogawanywa kwa trilioni. Kisa? Fotoni hushughulika na chaji ila yenyewe haina chaji, ndiyo maana miale ya tochi mbili hupishana bila hata salamu. Gluoni inayo chaji yake, tunayoiita "rangi" (haihusiani na rangi ya kanga, tafadhali), kwa hiyo gluoni huvutana zenyewe kwa zenyewe. Jaribu kutenganisha kwaki mbili: mistari ya kani haitawanyiki, inajisokota kuwa kamba, na mvuto haulegei. Ni mvuto wa kuinua tani 16 hivi, kwenye kitu usichokiona! Ukizidi kuvuta kamba hukatika, na nishati yako inazaa kwaki na antikwaki (pacha wake wa kinyume) kwenye ncha zilizokatika. Kwaki ya peke yake huambulii.

Na wewe unayedhani "haina tungamo" maana yake "si kitu", panda mizani. Kwaki tatu za protoni zikijumlishwa hazifiki asilimia 2 ya tungamo lake. Karibu yote yaliyobaki ni nishati ya gluoni na mahangaiko ya kwaki humo ndani.

Nikiri: kufungwa huko kwa kwaki tunakuona kwenye kompyuta na maabara, ila hakuna aliyekuthibitisha kihisabati kutoka kwenye milinganyo. Swali pacha lake, kuhusu milinganyo ya aina hiyo hiyo, limewekewa dola milioni moja na Taasisi ya Hisabati ya Clay tangu 2000, na hazijachukuliwa. Gravitoni nayo, chembe inayodhaniwa kubeba kani ya uvutano, naichora ubaoni kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuinasa hata moja.

Karatasi ile nimeipa mbili kati ya tano: moja ya fotoni, moja ya W.