Postikadi za Kale za Dar es Salaam: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Picha za zamani za Dar es Salaam zinazosambazwa kila siku kwenye makundi ya WhatsApp, zile zinazoonyesha minazi ya ufukwe wa bandari, Kanisa la Azania likiwa bado jipya au mtaa mpana usio na gari hata moja, nyingi hazikuanza maisha yake kama picha tu. Zilikuwa postikadi, yaani karatasi ngumu zilizochapishwa kwa wingi, zikauzwa madukani, zikaandikwa kwa mkono, zikabandikwa stempu na kupakiwa melini. Anayezisambaza leo kwa kawaida hukata kingo na kuuacha kabisa upande wa nyuma, na kwa kufanya hivyo humnyima mtazamaji nusu ya ushahidi. Dhana potofu kuhusu kadi hizi ni nyingi, lakini karibu zote zinatokana na kosa moja, nalo ni kuichukulia kadi kuwa kitu chenye umri mmoja na msemaji mmoja. Aliyepiga picha, aliyeichapa, aliyeiandika na karani aliyeigonga muhuri walikuwa watu mbalimbali, waliofanya kazi katika nyakati tofauti na mara nyingi katika mabara tofauti.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba tarehe ya muhuri wa posta ndiyo tarehe ya picha. Muhuri huthibitisha jambo moja tu, kwamba siku hiyo kadi ilipita mikononi mwa posta. Wapiga picha waliofanya biashara mjini wakati wa Wajerumani, kama vile C. Vincenti na, baadaye, Walther Dobbertin, walitumia negativu za vioo ambazo zingeweza kutumika tena na tena kadiri wanunuzi walivyojitokeza, na mwenye duka hakuwa na sababu ya kutupa kadi nzuri eti kwa kuwa mji umebadilika. Kadi iliyogongwa muhuri mwaka 1912 inaweza kabisa kuonyesha mji wa mwaka 1900.

Kinachosaidia zaidi kukadiria umri wa picha ni majengo yenyewe. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yote mawili yalianza kujengwa miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ujenzi wake ukafikia tamati mwaka 1902. Kwa hiyo picha ya bandari ambayo mnara wa kanisa bado umezungukwa na majukwaa ya mafundi ina mipaka ya miaka inayojulikana. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, hivyo picha yenye njia ya reli haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Jumba la gavana lilipigwa makombora na manowari za Kiingereza mwaka 1914, na Ikulu tunayoiona leo ni matokeo ya ujenzi uliofanywa na Waingereza baada ya vita. Ukiona kadi yenye jumba la zamani likiwa zima, picha hiyo ni ya kabla ya vita, hata kama aliyeandika nyuma yake aliweka tarehe ya miaka ya ishirini.

Mfano unaowapotosha wengi ni ule wa sanamu. Kuna kadi zinazoonyesha Mzungu amesimama juu ya nguzo ya mawe, na chini yake askari wa Kiafrika akitandaza bendera juu ya simba, na maelezo yanayoambatana nazo mitandaoni husema kwamba hiyo ndiyo Sanamu ya Askari kabla ya kukarabatiwa. Sivyo hata kidogo. Hiyo ni sanamu ya Hermann von Wissmann, ofisa aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani na baadaye akawa gavana, nayo ilizinduliwa mwaka 1909. Waingereza, walioingia mjini Septemba 1916, waliiondoa, na baadaye ikafika Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya sitini. Askari wetu wa shaba, mwenye bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini, alisimamishwa mahali hapo mwaka 1927. Ni mtaa uleule, lakini tawala mbili na sanamu mbili, na kadi ya moja haiwezi kutolea ushahidi nyingine.

Tuje kwenye maandishi. Wakusanyaji wapya huhuzunika wanapokuta wino umepita juu ya anga, juu ya maji ya bandari, hata juu ya paa la nyumba, wakidhani kwamba mtoto au mtu asiye na adabu aliiharibu kadi. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi kanuni za posta ziliutenga upande mmoja kwa anwani na stempu peke yake, na neno lolote la ziada lililoandikwa hapo lingeweza kuifanya kadi itozwe kama barua. Mwandishi hakuwa na pengine pa kuandikia ila upande wa picha, na ndiyo sababu kadi za mwanzo ziliachiwa ukanda mweupe chini au pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, Ujerumani ikafuata mwaka 1905, na Mkutano Mkuu wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Roma mwaka 1906 ukaueneza utaratibu huo kimataifa. Kwa hiyo wino juu ya picha mara nyingi ni dalili ya umri wa kadi, wala si doa la kusikitikia. Mgongo usio na mstari katikati, wenye nafasi ya anwani tu, unatosha kuirudisha kadi ya Kijerumani nyuma ya mwaka 1905 kwa upande wa uchapaji, ingawa akiba ya kadi za namna hiyo iliendelea kutumika baada ya hapo.

Stempu nayo ina uongo wake. Meli nyeupe iliyochorwa kwenye stempu za zama za Wajerumani husemwa kuwa ndiyo meli iliyoleta barua Dar es Salaam, au ndiyo iliyomleta Kaisari kututembelea. Wilhelm wa Pili hakufika Dar es Salaam. Meli ile ni Hohenzollern, jahazi lake la kifahari, na mchoro huohuo ulitumika katika makoloni yote ya Ujerumani, kuanzia Kamerun hadi Samoa, kilichobadilika kikiwa ni jina la koloni na sarafu. Hapa kwetu bei ziliandikwa kwa sarafu ndogo iliyoitwa pesa, hadi rupia ilipogawanywa upya kuwa heller 100 mwaka 1905, jambo linalotoa kipimo kingine cha tarehe kwa mtu mwenye macho makini. Meli zilizobeba barua zilikuwa za shirika la Deutsche Ost-Afrika Linie la Hamburg, na baadhi yake zilikuwa na posta humohumo ndani. Ndiyo maana kadi fulani za Dar es Salaam hazina muhuri wa Dar es Salaam: mwandishi aliipeleka kadi yake moja kwa moja melini, ikagongwa muhuri wenye maneno “Deutsche Seepost”, na muuzaji asiyejua hilo huitilia shaka kadi iliyo halali kabisa.

Kuhusu mwandiko, watu wawili kati ya watatu ninaozungumza nao husema kwamba hayo ni “maandishi ya Sütterlin” na kwamba hayasomeki. Yote mawili yanahitaji kusahihishwa. Ludwig Sütterlin alibuni mwandiko wake mwaka 1911 kwa ajili ya shule za Prussia, nao ukaanza kufundishwa huko mwaka 1915. Karani au askari wa Kijerumani aliyeandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1907 hakuujua. Alichoandika kinaitwa Kurrent, mwandiko wa kale zaidi, wenye ncha kali na ulioinama kuelekea kulia. Unasomeka kwa mazoezi. Kinachomkwaza mgeni ni herufi chache tu: e ndogo inafanana na n, na u hutiwa kimkia juu ili isidhaniwe kuwa n, h ina kitanzi juu na kingine chini, na s ina maumbo mawili kutegemea mahali ilipo ndani ya neno. Msomaji wa Dar es Salaam ana faida yake hapa, kwa kuwa desturi ilikuwa kuyaandika majina ya mahali na maneno ya kigeni kwa herufi za Kilatini za kawaida. Katikati ya msitu wa vijiti vyenye ncha, macho yanaangukia neno Daressalam, au Askari, au Boma, au Schauri, ambalo ni shauri letu limevalishwa tahajia ya Kijerumani, na kutoka hapo mtu anaweza kuanza kukisia sentensi inahusu nini kabla hata ya kutafuta mtafsiri.

Wengine, baada ya kutafsiriwa, hukata tamaa na kusema kwamba ujumbe wenyewe ni salamu tupu zisizo na faida kwa historia. Nakubali kwamba salamu tupu ni nyingi, kwa sababu miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ya shauku kubwa ya kukusanya kadi, na watu walitumiana picha za miji wakiweka saini tu na neno moja la heri. Hata hivyo, mtu anayeandika katika nafasi ndogo huacha yale yasiyomsumbua na kutaja yanayomgusa: homa imepungua, meli imechelewa, kifurushi kimefika, joto halivumiliki. Barua ndefu hupambwa, kadi haina nafasi ya mapambo. Tena kuna alama. Mwandishi huchora msalaba mdogo wa wino juu ya dirisha fulani kwenye picha, kisha anaandika pembeni kwamba hapo ndipo anapoishi au anapofanya kazi, na papo hapo picha iliyokuwa ya jengo tu inakuwa ushahidi wa nani alitumia chumba gani. Taarifa ya namna hiyo haipatikani kwenye ramani wala kwenye ripoti ya gavana. Lakini usidhani ujumbe ule ulikuwa siri, maana kila aliyeishika kadi njiani aliweza kuusoma, na waandishi walilijua hilo na kujizuia ipasavyo. Ukimya wa kadi juu ya fujo, deni au ugomvi wa ofisini hauthibitishi kwamba mambo hayo hayakuwapo.

Rangi zisitusumbue sana. Kadi nyingi za rangi za zamani zilitokana na picha nyeusi na nyeupe, na rangi ziliongezwa kiwandani Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuiona bandari yetu. Paa likiwa jekundu kwenye kadi, hilo halisemi lolote kuhusu paa. Kadi za “usiku wenye mbalamwezi” nazo mara nyingi ni picha za mchana zilizotiwa rangi ya buluu na kuchorewa mwezi. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona nukta zilizopangwa mistari kwa mistari, hiyo ni chapa ya mashine, ukiona vijichembe vilivyojikunja ovyo, ni chapa ya kolotipu, na kama hakuna nukta wala chembe, ila kivuli laini kinachofifia taratibu, huenda umeshika picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi, ambayo kwa kawaida ni adimu zaidi.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote ni kwamba kadi zinatuonyesha “Dar es Salaam ilivyokuwa”. Zinatuonyesha kile ambacho mnunuzi wa Ulaya alikuwa tayari kukilipia. Ndiyo maana ufukwe uliokuwa ukiitwa Wilhelmsufer, leo Kivukoni, umepigwa picha kutoka kila pembe, ilhali nyumba za makuti na udongo za upande wa pili wa mji zinajitokeza kama kitu cha ajabu cha kutazamwa, na wakazi wake wamepewa maelezo ya kabila au kazi lakini si majina. Mpiga picha wa Kigoa wa Unguja, A. C. Gomes, alitoa kadi zake mwenyewe, kwa hiyo biashara hii haikuwa ya Wajerumani peke yao, ila soko lilikuwa lilelile. Anayetaka kuujua mji wote asitegemee kadi peke yake.

Kadi za baada ya uhuru hudharauliwa kwa madai kwamba ni mpya mno, na papo hapo husomwa vibaya. Mtu anaona stempu yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania, anaamua kwamba kadi ilitumwa kutoka Nairobi. Nchi hizo zilishirikiana huduma ya posta tangu wakati wa ukoloni hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na stempu moja ilitumika kotekote. Ni muhuri pekee unaoweza kusema kadi ilianzia wapi. Anayebandua stempu hiyo kwa mvuke wa maji ili aiuze peke yake anauondoa ushahidi huo, kwa kuwa nusu ya muhuri iko juu ya stempu na nusu nyingine imebaki kwenye kadi. Mvuke huohuo ukikutana na penseli ya kopi, ile ya zambarau iliyotumika sana zamani, maandishi yote huvuja na kuwa doa moja. Lamination, ambayo wauzaji wengine mjini huipendekeza kama ulinzi, hugandisha plastiki kwa joto juu ya wino na haiondoki tena. Mfuko wa plastiki isiyo ya PVC, uliowekwa mahali pakavu mbali na mende, unatosha. Skani pande zote mbili kwa rangi. Na kabla ya kuuweka upande wa nyuma mtandaoni, ikiwa kadi ni ya miaka ya sitini au sabini, funika jina na namba ya S.L.P., kwa sababu aliyeandikiwa anaweza kuwa bado yuko hai na sanduku lile bado ni lake.