Turubai halilindi mimea ya roshani dhidi ya upepo

Wakazi wengi wa ghorofa za Dar es Salaam, hasa zinazotazama bahari, huamini kwamba mimea ya vyungu hulindwa vyema kwa kuiziba roshani yote kwa turubai au bati. Imani hiyo si sahihi. Upepo wa kusi ukigonga kizuizi kisichopenyeza hewa hupanda juu yake na kushuka upande wa pili ukizunguka kwa nguvu, ukavunja matawi yaleyale yaliyokusudiwa kukingwa, ilhali neti ya kivuli au fito za mianzi zilizoachiwa nafasi, zikipitisha karibu nusu ya hewa, hupunguza kasi bila kuleta msukosuko huo. Turubai, isitoshe, hugeuka tanga na kung'oa vishikio vyake.

Vyungu vya bei kubwa navyo si lazima: ndoo tupu za rangi za lita 20, zikitobolewa chini na kujazwa udongo wa bustani, ambao ni mzito kuliko mboji tupu, haziangushwi kwa urahisi, na zikisogezwa pamoja hukingana. Mchaichai na mshubiri huoteshwa kwa machipukizi ambayo jirani hukugawia bure. Mgomba, kwa maoni yangu, uachwe. Majani yake yatachanika tu.